Dada Yangu na Pesa za Mabomu

Dada yangu hakuwa mtu wa maandamano. Alikuwa muuguzi hapa London mpaka magoti yakamshinda, na siku za mapumziko alipika, akaenda kanisani, akalala. Habari za siasa alizisikiliza kama anavyosikiliza habari za mvua. Kilichombadilisha ni kufungwa kwa kituo cha wazee alichokuwa akienda mume wake.

Shemeji alikuwa fundi umeme, mtu wa Tanga kama sisi, mwenye maneno mengi. Ugonjwa wa kusahau ulipomwanza alipoteza Kiingereza kwanza, kisha majina ya watoto, kisha njia ya chooni. Kule kituoni walimwimbisha, wakamnyoa ndevu, na dada akapata nafasi ya kulala kidogo. Halmashauri ikatangaza kwamba fedha zimekwisha, kituo kikafungwa. Hata baada ya hapo, kila asubuhi shemeji alivaa koti akasimama mlangoni kungoja basi dogo la kituo. Dada alimvua. Akigeuka tu, mzee amelivaa tena.

Siku moja nilitoka kazini Edmonton, kaskazini mwa London, ambako nahudumia wazee wa watu wengine majumbani mwao, nikapitia kwake. Nilimkuta jikoni na mwiko mkononi, redio inaongea, mchicha unaungua.

"Umesikia?" akaniuliza. "Wanaongeza pesa za silaha za nyuklia. Nyambizi mpya za kuzibeba."

"Dada, zima jiko."

Akazima. "Nakuuliza, umesikia? Kumbe pesa zipo. Zilizokwisha ni za mzee wangu tu."

Wiki hiyohiyo tukaenda kumwona mbunge wake, anayepokea watu katika chumba cha nyuma cha maktaba. Shemeji tulikwenda naye, maana hatukuwa na wa kumwachia. Mbunge alikuwa mpole. Alimletea mzee maji, akamsikiliza dada mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye binafsi hajawahi kuzipenda silaha hizo. Lakini chama kina msimamo wake, dunia imechafuka, na hata wanaojenga hizo nyambizi wana familia.

"Mimi sizitaki, wewe huzipendi," dada akasema. "Sasa anayezitaka ni nani?"

Mbunge akatazama meza. "Si jambo rahisi, mama," akasema. Nje watu wengine walikuwa wakingoja zamu.

Ndani ya basi, tukirudi, dada alinieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza. Alipoanza kazi aliwekwa wodi ya walioungua moto. Kulikuwa na mtoto ambaye hakutaka aguswe na mtu mwingine yeyote, na kila alipombadilisha bandeji mtoto alimwomba radhi kwa sababu analia.

"Nilitaka kumwambia mbunge," alisema. "Kwamba hiyo ndiyo kazi ya bomu, kuchoma watoto, mji mzima kwa mara moja. Mdomo ukakataa."

"Utamwambia siku nyingine."

Siku nyingine ikaja. Wanaharakati wanaopinga silaha hizo waliwaita watu Bungeni siku ya wabunge kupiga kura juu ya fedha za ulinzi, ili kila mmoja azungumze na mbunge wake. Tulipanga foleni kwenye mvua, tukapekuliwa, tukaingizwa katika ule ukumbi mkubwa wa mawe ambamo wabunge huonana na wageni. Tulingoja sana. Mwishowe mbunge akatokea, akamkumbuka hata shemeji, akampa mkono.

Dada alianza vizuri. Alimwambia habari za wodi, na safari hii mdomo haukukataa. Alikuwa amefika kwa yule mtoto kengele ilipolia kuita wabunge wakapige kura. Ilikuwa kengele kali, na watu wakaanza kukimbia.

"Nimekusikia, mama," mbunge akasema huku akirudi nyuma. "Kweli nimekusikia." Akaondoka.

Shemeji alishtushwa na ile kengele. Alinishika mkono kwa nguvu, akauliza nani amekufa, na kabla sijamjibu nikaona suruali yake imelowa na maji yanatambaa kwenye mawe. Watu wakatupisha. Mlinzi alikuwa muungwana, alisema atamwita mfanya usafi. Dada hakungoja. Alipiga magoti yake mabovu, akafungua mtandio wake akaanza kufuta sakafu, na mimi nilisimama nimemshika shemeji. Nilimwambia tu, "Inuka, dada." Hakuinuka mpaka pakakauka.

Jioni tulijua kwamba mbunge alipiga kura pamoja na chama chake. Fedha zilipita kwa kura nyingi. Dada alimwosha mume wake, akamlisha, akamlaza.

Baadaye nguvu zilimwisha dada, shemeji akapelekwa kwenye makao ya wazee nje ya London, mahali pasipofikika kwa treni moja. Alipotembelewa alimwita dada "sista", kama wagonjwa wanavyomwita muuguzi, akamwuliza zamu yake inaisha lini.

Mwaka huu wanaharakati wametuita tena Bungeni. Nilimpigia dada simu.

"Nenda wewe," akasema. "Wasalimie."

Nilikwenda. Tulikuwa wachache, wengi wetu wenye mvi. Mbunge hakupata nafasi ya kutoka.