Mtoto Aliyeletwa na Bibi Hakuwa Wangu

Mama mkwe wangu alikwenda shule kumchukua mwanangu, akarudi amemshika mkono mtoto wa watu.

Wala usiseme walifanana. Wangu ni mrefu, mwembamba kama ufagio. Huyu alikuwa wa jirani, mfupi, mashavu yamejaa, na pengo mbele.

Bibi akamvua begi, akamnawisha mikono, akamkalisha mezani. Akaniambia nimpakulie mtoto chakula, katoka shule na njaa.

Nikadhani ni mzaha. Nikacheka kidogo. Nikasubiri naye acheke.

Hakucheka.

"Mama, huyu ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Mjukuu wangu. Mama Chiriku, leo humjui mwanao?"

Mtoto mwenyewe alishashika kijiko. Yeye hakuwa na ugomvi na mtu.

Hapo presha ikanipanda. Kama bibi yuko na huyu, wangu yuko na nani?

Nimeandika haya kwa ajili yako mama mwenzangu unayemwachia mzee mtoto, ukaenda zako kazini roho nyeupe. Soma mpaka mwisho.

Mimi ni mama wa wasiwasi, nyumba nzima inajua. Mtoto akikohoa mara moja, mimi nimeshavaa viatu vya kwenda zahanati. Mtu pekee niliyemwachia Chiriku bila kupiga simu kila saa ni mama mkwe. Chiriku ni jina tulilompa sisi, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika.

Bibi ni fundi cherehani. Miaka mingi alishona sare za shule ile ile anayosoma Chiriku. Zote rangi moja, kola moja, zinaning'inia pamoja kama mapacha. Basi sare za wajukuu zake alikuwa anazitia alama. Ndani ya kola, nyuma ya shingo, anapitisha uzi mwekundu, ili zisije zikauzwa kwa bahati mbaya.

Na kila siku pale getini, kabla hajamshika mkono, lazima ampindue Chiriku kola, kisha amtengenezee vizuri. Walimu walikuwa wanasema yule mtoto ana bahati ya bibi. Hata mimi niliwahi kuwapiga picha, nikaiweka kwenye simu, watu wakaipenda sana.

Dalili zilikuwepo. Alimshonea mteja blauzi, mikono yote miwili akaipachika upande mmoja. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Na mteja naye akacheka.

Halafu mkasi wake ukapotea. Akasema nimeiba mimi. Tukaukuta ndani ya kopo la unga, na bado akasema nimeuweka mimi. Nikajisemea, haya, vita vya mama mkwe vimeanza.

Mume wangu akasema ni uzee, mwacheni mama. Wifi akaninong'oneza kuna mkono wa mtu, wenye wivu na cherehani ya mama hawajalala. Mimi nikajua ananichukia tu.

Kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Hospitali hakuna aliyeitaja.

Basi siku hiyo nikatoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Njiani nikakutana na mama wa yule mtoto, jirani yetu msusi, naye mbio, kitana kimechomekwa kichwani. Nyuma yake mteja, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona paka.

Tukaulizana kwa pamoja: "Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwambia wako yuko kwangu, anakula. Nilidhani nimempa habari njema. Maneno aliyonijibu siyaandiki hapa, watoto wanasoma.

Shuleni nikamkuta Chiriku kwenye benchi la mlinzi. Mzima, hana mkwaruzo. Ila alikuwa kimya, na yule mtoto hanyamazi hata akiwa usingizini.

Nikamkumbatia. Ndipo akasema, "Bibi kaniambia niende kwetu."

Akanieleza alivyomkimbilia bibi kama siku zote. Bibi akampindua kola, akaangalia, akairudisha. Akamwambia kwa upole kabisa kwamba yeye si wa nyumbani kwake, asubiri, mama yake atakuja. Halafu akaendelea kukagua watoto wengine.

Jioni kikao kikakaa. Mimi sikukaa, nilisimama. Nikasema bibi aende akaishi kwa wifi. Leo karudi na wa msusi, kesho atarudi mikono mitupu. Siwezi kulala nyumba moja na hofu hiyo.

Mume wangu akainamisha kichwa. Wifi akakubali, ingawa uso haukukubali. Bibi alikuwa kwenye cherehani yake pembeni, anafutafuta gurudumu, kama anasemwa mtu mwingine.

Nikaenda bafuni kufua. Yule mtoto wa msusi alijimwagia mchuzi, nikamvua gauni nikamrudisha kwao na nguo ya Chiriku. Nikasema nisugue doa angalau, ujirani usife kabisa.

Nasugua kola, nikaona uzi mwekundu.

Nikakumbuka. Gauni lile lilikuwa la Chiriku. Lilipokuwa fupi kwake nikampa msusi kwa ajili ya mwanawe. Na kwa kuwa cherehani ya bibi ilikuwa kimya siku hizi, nikamnunulia wangu jipya dukani. Ndiyo kwanza alikuwa amelivaa siku hiyo.

Nikalichukua lile jipya kwenye kamba. Nikapindua kola. Hakuna kitu.

Nikakaa juu ya ndoo.

Kumbe ule haukuwa upendo wa kutengeneza kola. Bibi alikuwa anatafuta mjukuu wake kwa uzi. Sura ilishamtoka.

Nikarudi sebuleni na gauni bichi mkononi, linachuruzika sakafuni. Nikapiga magoti mbele ya cherehani nikamwonyesha. Nikamuuliza ni tangu lini.

"Ukiniuliza lini, unanionea," akasema, na akacheka kidogo. Kisha akaushika ule uzi. "Sura zinanitoroka, mwanangu. Uzi hautoroki. Nilijua mkijua, mtaninyima mtoto."

Wifi akatoka nje kupenga kamasi. Habari ya kuhama ikaishia hapo, hakuna aliyeirudia.

Tukampeleka hospitali. Wakampima damu kwanza, maana yapo magonjwa mengine yanayosahaulisha watu na yanatibika. Halafu wakampima akili kwa maswali. Wakatuambia ni Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu taratibu. Daktari akatueleza kwamba uzee peke yake hauleti haya, wala hakurogwa, wala hanichukii. Dawa ya kuuondoa haipo, ila zipo za kumsaidia, na sisi wenyewe ni sehemu ya dawa.

Siku hizi mtoto namfuata mimi. Bibi tunakwenda naye, Chiriku kamshika mkono, na Chiriku anaamini yeye ndiye anayempeleka bibi matembezi. Pasi na kiberiti nimeviweka juu. Akisema mkasi umeibiwa, sibishani, tunautafuta wote. Na msusi tumepatana, anamsuka bibi bure kila akitaka, hata kama alimsuka jana.

Mimi nami nina siri yangu.

Juzi nilikuwa jikoni, bibi akasimama mlangoni, ananitazama kwa wasiwasi. Akauliza mimi ni nani na nafanya nini kwenye jiko la mwanawe.

Zamani ningenuna. Nilimgeuzia mgongo tu, nikainama kidogo.

Akapindua kola ya blauzi yangu.

Uzi mwekundu. Nimeupitisha kwenye nguo zangu zote, za baba Chiriku, na lile gauni la dukani. Mwenyewe, kwa mkono, umekwenda upogo kama njia ya konokono.

Akaupapasa kwa kidole gumba.

"Aliyeshona hapa hajui kushona," akasema. Akanitengenezea kola, akanipigapiga begani. "Lakini wewe ni wetu."

Mama mwenzangu, mzee wako akianza kuhangaika na kola ya mtoto, usipige picha. Mpeleke hospitali.