Kaputula Mbele ya Mama Mkwe

Wanasema chema chajiuza. Mimi changu nilikitembeza pia, na siogopi kusema: Kalemie haijapata kuona mguu wa kushoto kama wangu. Asubuhi nilikuwa karani bandarini, jioni nilikuwa mshambuliaji. Makipa wakiniona naupanga mpira wa adhabu walianza kutemea viganja mate, na mabeki waliopanga ukuta walifunga macho. Nilipenda sana walivyofunga macho.

Nyumbani mke wangu alifua jezi, akawakemea watoto wasipige mpira kwenye sufuria za jirani, na kila Jumatatu akanikumbusha kwamba mabao hayapikwi. Nilimcheka tu. Msimu ule nilikuwa nimeifikia idadi ya mabao ya mchezaji mmoja wa enzi za baba zetu, ambayo wazee walikuwa wakiapa kwamba haitafikiwa. Ilibaki mechi moja, na nilihitaji bao moja tu kuipita.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akashuka kutoka Kirungu, kule milimani, kuja kutazamwa macho. Daktari alisema jicho moja limekwisha na la pili linafuata, labda baada ya miezi michache.

Sasa, nieleze jambo moja. Kwa watu wa mke wangu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Yeye akipita huku, wewe unapita kule. Mkikutana ghafla, yeye anajifunika kitenge na wewe unageukia ukuta. Haya hiyo huondolewa kwa zawadi: unapeleka kuku, kitenge na jembe, mnakula pamoja, basi, imekwisha. Miaka kumi na miwili nilikuwa sijapeleka. Kila likizo kulikuwa na mashindano, na mimi nilikuwa mtu mkubwa. Kwa hiyo mama yule alinijua kwa kikohozi changu nyuma ya nyumba, na kwa kelele za mtangazaji wa redio.

"Papa," mke wangu akaniambia, "mama anasema atakuja ku mechi. Kule kila muntu anakuangalia, haiko kosa. Anataka akuone kabla macho yake haijaisha."

"Na kaputula? Mama mukwe aone mapaja yangu?"

"Batu bote ba Kalemie banayaonaka."



Siku ya mechi wakamketisha mama mkwe kwenye kiti nyuma ya goli, ili aone vizuri. Kipindi cha kwanza tulishambulia upande wa pili, nikapumua. Cha pili tulipogeuza, miguu yangu ikakataa. Nikawa nakimbilia pembeni kabisa, mbali na kiti kile, navuta kaputula ishuke magotini. Kocha akapiga kelele hadi sauti ikakauka: "Unamukimbia nani?" Ningemwambiaje?

Dakika za mwisho tukapata mpira wa adhabu karibu na boksi. Hapo nilijikasirikia. Mama wa watu ameteremka milima yote ile kuja kuniona, na mimi najificha! Nikaupanga mpira, nikarudi hatua nne, nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Kipa hakusogea. Wavu ukavimba, uwanja ukalipuka, na mimi nikakimbia mikono juu moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mama mkwe. Katika maisha yangu sikuwahi kumkimbilia.

Alikuwa amejifunika kitenge kichwa kizima.

"Mama, fungua!" mke wangu alikuwa anamlilia. "Amefunga!"

"Mukwe yangu iko karibu," sauti ikajibu ndani ya kitenge. "Nitafungua aje?"

Alijifunika tangu nilipousogelea mpira, kwa heshima. Mji mzima uliliona bao lile isipokuwa yeye. Wakanibeba mabegani, wakaimba, na huko juu nikajiona mpumbavu. Rekodi niliipata, lakini lile jicho moja halikunipata.

Kesho yake sikwenda bandarini. Nilikwenda sokoni, nikachagua kuku mnono, kitenge kizuri na jembe jipya. Watu walitaka kunishika mkono, nikawapa kiwiko kwa sababu ya kuku. Nilivaa suruali ndefu na shati la vifungo, nikahakikisha ni saa sita mchana, jua limesimama, mwanga hauna hila. Mjomba wa mke wangu, anayekaa hapa mjini, akazipokea zawadi mbele ya mama mkwe na kusema maneno yanayosemwa. Kisha akaniambia niuache ukuta, nigeuke.

Mama mkwe akashusha kitenge polepole.

"Sogeeni," akasema, kwa wingi wa heshima. Nikasogea. "Tena." Nikapiga magoti mbele yake. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, kushoto, kulia, kama anayechagua kitambaa.

"Ndo huyu?" akasema. "Kumbe muko mufupi hivi!"

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia, na sikujificha. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kwa ile miaka kumi na miwili niliyokuwa naikimbiza mipira. Mke wangu akatoka jikoni na sinia la ugali.

"Mama, bukari inapoa."

"Acha ipoe," akajibu, bila kuniachia kidevu. "Bado namwangalia."