Vifuniko Vinne vya Rangi ya Fedha

Sijui nilipatwa na nini mwaka ule hata nikaona kwamba aibu yangu kubwa duniani ni magurudumu ya gari. Vita vilikuwa vimelipuka Juba mwezi wa Desemba, nchi haijatimiza hata miaka mitatu tangu ipandishe bendera yake, nami Februari nikarudi kutoka Nairobi kuendelea na kazi yangu ya benki. Nusu ya majirani zangu wa mtaa wa Munuki hawakuwepo. Milango ya nyumba zao ilikuwa imeng'olewa pamoja na fremu. Na mimi, mtu mzima na akili zangu timamu, nilizunguka gari langu pale uani nikisonya kwa sababu lilibakiwa na kifuniko kimoja tu cha rimu, nacho nimekifunga kwa waya.

Askari wa langoni pale benki ndiye aliyenitia kichaa. "Mzee, gari yako inatembea bila viatu," aliniambia, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ijumaa ile mkubwa wetu alikuwa anakuja kutoka Nairobi na mimi ndiye wa kumpokea uwanja wa ndege. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikaenda kukitafuta kidonda changu.

Soko la vipuri vilivyotumika lilikuwa upande wa Malakia, na hadi leo naikumbuka harufu yake: oili iliyooza, mkojo, mpira uliochomwa. Vifuniko vilitandazwa juu ya turubai kama sahani za matanga. Vingi havikufaa kitu. Vingine ni vya inchi kumi na tatu na mimi nataka kumi na nne, vingine vimeshonwa kwa waya. Ukitaka kukijua kifuniko, usikitazame usoni. Kigeuze, ubonyeze kwa kidole gumba yale meno ya plastiki yanayoshika rimu. Yakivunjika, utakiacha kwenye shimo la kwanza.

Nikaona vinne pacha, vya rangi ya fedha, meno yote yapo. Rangi ilikuwa mbichi hata ikanishika vidole, na ukingoni mwa kimoja palichungulia kijani. Nikakigeuza upesi. Nilikiona kile kijani, nisijidai leo kwamba sikukiona.

Muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye Kiswahili cha Uganda, alitema mate chini, karibu na kiatu changu. "Chukua tu, boss. Hii sidu mafi."

Kiarabu changu cha Juba kilikuwa cha kuombea maji na chumvi. Sidu ni mwenyewe, mafi ni hayupo. Nikaelewa kwamba mwenye kibanda ametoka, na huyu amemshikia tu. Basi nikaketi juu ya tairi nikangoja, mstaarabu mimi, nisije nikauziwa na mtu asiye na idhini. Nikanywa soda. Nikafukuza nzi.

"Unangoja nani?" hatimaye akaniuliza.

"Namngoja mwenyewe."

Alicheka akapiga paja. "Mwenye kibanda si ni mimi! Nakwambia mwenye gari ndiyo hayuko. Ile vita ya Desemba. Hakuna mtu atakuja kukuuliza."

Nilimwona mchafu yule mtu, kucha zake, mate yake, kicheko chake. Nilisimama niondoke, wallahi nilisimama. Kisha nikavitazama tena vile vifuniko, vinne, vinafanana, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Nikampa pesa zake. Nyani haoni kundule.

Mkubwa alikuja, akaingia garini, akaongea na simu yake njia nzima. Hakutazama gurudumu hata moja.

Wiki iliyofuata nikapeleka gari likaoshwe mtoni. Wale waoshaji husugua kwa mchanga na brashi ngumu, na walipomaliza rangi ya fedha ilikuwa imechunika vipande vipande. Chini yake palikuwa na bendera: nyeusi, nyekundu, kijani, mistari myeupe kati yake, na pembetatu ya buluu yenye nyota ya njano iliyopinda kidogo, kazi ya mkono. Nilijiambia Jumamosi nitatafuta kopo la rangi nivipulize upya. Hilo tu ndilo lililonijia kichwani.

Siku hiyohiyo, mtaani Hai Malakal, nilipunguza mwendo kuzipisha bodaboda, na mwanamke akagonga kioo. Kumbe alikuwa ameyatazama magurudumu kabla ya kunitazama mimi. Uso wake ulikuwa na furaha, furaha tupu, mpaka nilipoteremsha kioo akaona ni mimi.

"Samahani, mzee. Hii kitu ya magurudumu ulitoa wapi?"

"Kwa nini, mama?"

"Hii rangi ni bwana yangu alipaka, siku ile ya uhuru. Mimi ndiyo nilimshikia kopo. Desemba yeye alitoka na gari, hajarudi." Alishika mlango kwa mikono miwili. "Mimi sitaki hii vitu, kaa nayo. Niambie tu nani alikuuzia. Nitaenda kumuuliza yeye alikuta gari wapi."

Kibanda kilikuwa mwendo mfupi tu kwa gari. Nilikijua, na yule mtu nilimjua, na tairi nililolikalia nalijua. Lakini nikawaza polisi, nikawaza kibali changu cha kazi, nikawaza maswali ambayo mgeni huulizwa katika mji wa namna ile. Mdomo ukawahi.

"Nilivinunua Nairobi," nikasema.

Aliitazama ile bendera ya nchi yake kwenye gurudumu langu, kisha akanitazama mimi.

"Nairobi," alisema. "Asante, mzee."

Akaachia mlango, akasogea nyuma nisimkanyage mguu, nami nikatia gia nikaondoka.