Kilio cha Mama Yangu Wanakichezea Disko

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache hivyohivyo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, mzaliwa wa Morogoro, nipo Toronto tangu miaka ya tisini. Nina mume na binti mmoja mtu mzima. Huyo mume leo sitaki hata kumsikia akikohoa.

Wakati ule tulikaa mtaa wa Parkdale, chumba na sebule. Mimi naogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yeye anabeba maspika na kufagia studio ya Mwingereza mmoja. Huyo Mwingereza kwao alikuwa akiwatengenezea vijana midundo ya hip-hop, alipofika hapa akahamia kwenye ile miziki ya mashine tupu. Kazi yake kukata vipande vya sauti za watu kwenye kaseti na sahani za santuri za zamani, anavirudiarudia juu ya ngoma. Mume wangu alimwabudu. Kila jioni Mwingereza hivi, Mwingereza vile, mpaka chakula kinapoa.

Baba yangu akafariki. Makaratasi yetu yalikuwa hayajakamilika, nikitoka Canada sirudi. Sikumzika baba yangu, jamani. Enzi hizo tulitumiana kaseti badala ya barua, basi mdogo wangu akawasha redio kaseti palepale msibani, akarekodi, akanitumia kaseti ili na mimi nilie na wenzangu. Mama analia, "Umeniachia nani? Mume wangu, umeniachia nani mie?" Nilikuwa naifungulia jikoni, nalia, nanawa uso, naenda kazini.

Siku moja mume akanipeleka ukumbini, bosi wake anazindua wimbo mpya. Vijana wamejaa, wanaruka. Ngoma ikanyamaza kidogo, nikasikia sauti ya mama yangu. Umeniachia nani. Nani, nani, nani. Wamemkatakata! Mdundo ukarudi, ukumbi mzima ukanyoosha mikono ukipiga kelele "nani! nani!" huku wakicheka. Nikakaa chini palepale.

Nilimvuta mume wangu shati mpaka nje. "Umempa bosi wako msiba wa baba yangu?"

"Nilimwazima tu. Kaseti si imerudi? Hata kuchubuka haijachubuka."

"Na ulimwambia mama yangu anafanya nini humo kwenye kaseti?"

Akaangalia pembeni. "Nilimwambia anaimba. Akauliza wimbo gani, nikasema wa harusi."

Wa harusi! Mwanamume mzima, Mswahili mwenzangu, anayejua kila neno! Yule Mzungu angalau hakuelewa. Nilimchamba mpaka walinzi wakatoka kuangalia, na nikabaki naye kwa sababu ya mtoto tu, msidhani nilisamehe. Wimbo huohuo ndio uliompa Mwingereza jina. Akarudi kwao mtu mkubwa, wanamuziki wanampangia foleni. Mimi ukipigwa dukani naacha kapu na vitu vyangu natoka.

Sasa Jumamosi hii anakuja tena hapa, kuna onyesho la kusherehekea kazi yake yote ya muziki. Mume wangu ataitwa jukwaani, eti ndiye aliyemletea "sauti ya Afrika". Binti yangu kakulia hapa, Kiswahili chake cha kuombea chai tu, amefurahi kupita kiasi. "Mum, bibi lazima aje!" Amemkatia bibi yake tiketi ya kiti cha mbele kabisa. Mama yangu anaishi nasi siku hizi, na hajui lolote.

Nimemwambia mume amweleze mama ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Anajibu, "Mwache bibi wa watu afurahi, kwanza masikio yake hayasikii vizuri." Ptu! Mama anasikia mpaka sufuria ikianza kuchemka.

Nikimwambia, namfungulia msiba upya, na atajua mkwe anayemwita mwanangu alimfanyia nini. Nikinyamaza, ataisikia sauti yake mwenyewe mbele ya umati. Asubuhi hii kanyoosha kitenge chake kipya, akaniuliza kama huko tunakokwenda watu wanacheza, maana na yeye anataka kucheza. Nyie mnaosoma, semeni nami: namwambiaje mama yangu?