Suti ya Msumari wa Tatu

Mume wangu ni fundi cherehani, na kutoa ndio ugonjwa wake. Mafundi wenzake huacha ndani ya mshono kitambaa cha ziada upana wa kidole kimoja. Yeye huacha vidole vinne, na kitambaa kikipungua anaongeza cha kwake, eti mtu hajui kesho atanenepa au atakonda. Nimelisema hilo mpaka ulimi umeota sugu.

Sasa, kwenye msumari wa tatu wa ukuta wetu ilining'inia suti nyeusi ya mwenye nyumba. Aliishonesha kwa mbwembwe, halafu akaisahau miaka minne. Mtu mwenye kabati limejaa suti atakumbuka ipi? Nikasema tuiuze, tuezeke banda.

"Si yetu, mama watoto," mume wangu akasema.

Kesho yake nikamkuta anampima muuza mkaa, apate cha kuvaa akienda kuposa.

"Kumbe kuiuza si yetu, ila kuiazimisha ni yetu?"

"Ya kuazima inarudi."

Ikarudi kweli, na ikatoka tena. Muuza mkaa ni ukuni mtupu, kwa hiyo kiuno kilipunguzwa. Mwalimu mwenye kitambi akaenda nayo kwenye usaili wa kazi, kiuno kikafumuliwa. Kinyozi akamzika baba yake akiwa ameivaa. Kila mara mume wangu anafumua na kushona upya bila kutoza hata senti, huku anapiga mluzi. Mimi nanuna tu.

Jumanne moja mwenye nyumba akatokea mlangoni.

"Fundi, mwanangu anaoa Jumamosi. Naitaka suti yangu. Ukiniambia imepotea, mtahama siku hiyohiyo!"

Nikatazama msumari. Mtupu! Suti ilikuwa safarini na dereva wa lori, ameenda nayo kujitambulisha ukweni.

"Jumamosi asubuhi utaivaa, mzee," mume wangu akajibu, mkavu kabisa.

Ijumaa jioni suti ikafika, ina vumbi mpaka mifukoni. Mwenye nyumba naye alikuwa ameongezeka mwili, jamani! Mume wangu akafumua vidole vyote vinne, na suti ikamkaa utadhani amezaliwa nayo. Mimi nikapita mlango kwa mlango kuwaonya majirani, wapangaji wenzetu, maana mwenye nyumba alikuwa ametualika wote ili ukumbi ujae. "Mkiiona, hamjawahi kuiona. Mnanisikia?" Wakaapa.

Ukumbini muuza mkaa alivumilia dakika kumi nzima. Kisha akamrukia mwenye nyumba, akamkumbatia, akaipapasa kola.

"Mzee, suti hii ndiyo iliyonipa mke! Ila mkono wa kushoto usiuinue sana, niliuchana kidogo."

Nikatamani ardhi inimeze. Mwalimu naye huyo, akaushika mkono wa mzee kwa mikono miwili na kusema kazi aliipatia humo. Kinyozi aliegemea tu bega la suti ile akalia. Mwenye nyumba akasimama kama mlingoti, akimtazama mume wangu. Mume wangu akajitia kuchunguza mshono wa kitambaa cha meza.

Jumapili asubuhi nilikuwa nimeshafunga sufuria kwenye shuka, namtukana mume wangu na vidole vyake vinne, mwenye nyumba alipobisha hodi. Suti ilikuwa mkononi mwake.

"Fundi," akasema. "Ninyi mnakaa kwangu miaka kumi na tano. Jana ndiyo mara ya kwanza mtu wa nyumba hii kunikumbatia."

Akaitundika mwenyewe kwenye msumari wa tatu. Kisha akainama, akaweka chini yake jozi ya viatu vyeusi vinavyong'aa.

"Kuposa kwa suti na malapa ni kumwaibisha mtu," akasema, akaaga.

Nikamsindikiza kwa macho. Alikuwa anakwenda zake pekupeku.

Nikafungua shuka, nikarudisha sufuria jikoni, kisha nikaenda kutafuta brashi ya viatu.