Maji ya Rejeta, Njia ya Mkange

Enzi zetu, jamani, gari lilikuwa na kiu kama ng'ombe. Kila alfajiri baba alifungua kifuniko cha rejeta, akachungulia, kisha akayaonja maji kwa ulimi kabla ya kuyamimina. Visima vyetu vya pwani vina chumvi, na chumvi hula rejeta. "Gari halinywi chumvi," alikuwa akisema. Rejeta ikivuja, alimwaga bizari ya mama humo humo izibe tundu. Mama anafoka jikoni, na sisi watoto tunanusa pilau mpaka Bagamoyo, njaa inatuua!

Siku mama aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, tulitoka kwetu Mkange kwenda hospitali ya Bagamoyo, watatu: baba, mama na mimi. Porini gari likachemka. Dumu la akiba lilikuwa limepasuka, halina hata tone. Tena jua la utosi, saa ya mashetani, saa tuliyokatazwa hata kucheza uani.

"Baba Mwanaidi, mtoto huyu hangoji," mama akalia. "Nitafia hapa."

Kichakani palikuwa na kisima cha watu wa kale. Kwetu kisima hakichotwi bila hodi. Baba akachukua ndoo, akanishika mkono, akasimama kando.

"Hodi, wenyewe. Tunaomba maji ya gari, nina mgonjwa."

"Karibu," sauti ya mwanamke ikaitika kutoka chini.

Hapakuwa na mtu. Wallahi, hata ndege walinyamaza. Baba akatumbukiza ndoo, akayaonja. Yalikuwa matamu, ya baridi ya kuuma meno. "Usigeuke nyuma," akaninong'oneza.

Hata hapo ilibidi tungoje, maana maji ya baridi hupasua injini ya moto. Mama anaugulia, baba anagusa chuma, anangoja, anagusa tena. Niliogopa mno siku ile. Mwishowe akafungua kifuniko kwa tambara, akalinywesha gari, likawaka.

Mdogo wangu Zuhura akazaliwa salama Bagamoyo. Baba aliporudi kisimani kushukuru, alikuta majani makavu mpaka juu, kisima kilichokufa zamani. Akatuapisha mama na mimi: Zuhura asiambiwe kamwe. Wazee wamekwenda na siri yao, nami sijafungua kinywa.

Leo gari langu linatiwa kulanti ya dukani, yale maji ya rangi ya kupozea injini. Mwanawe Zuhura hulicheka dumu langu la maji: "Mama mkubwa, hilo la nini? Hii gari ya kisasa!" Kijana ana leseni, lakini rejeta hajui iko mbele au nyuma. Haya, mwacheni.

Juzi nilipita njia ile na Zuhura, jua la utosi. Mshale wa joto ulikuwa umetulia, sikuwa na haja ya kusimama. Tulipokikaribia kichaka kile, akashusha kioo, akakitazama kwa muda.

"Dada," akasema taratibu, "mbona siku hizi watu hawapigi hodi tena?"