Miezi minane nilisoma manga kinyumenyume Nachingwea, na kaka yangu akiwa Namungo ananisubiri

Salaam kwenu wakuu, na dada zangu mliojificha humu kwa majina ya kiume.

Nimeona jukwaani wageni wengi wanauliza manga ni nini, anime ni nini, mtu aanzie wapi. Majibu mnayowapa ni orodha ndefu za majina. Mimi nitawajibu kwa yaliyonikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na mahali ambapo sielewi nitasema sielewi, maana mpaka leo kuna vitu sijavielewa.

Kwa kifupi kwa asiyejua kabisa: manga ni vitabu vya katuni vya Kijapani. Anime ni katuni zao za video, na nyingi zinatokana na hivyo vitabu. Basi. Mengine utayajua ukiwa ndani.

Sasa twende Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Niko kidato cha pili.

Sisi nyumbani ni Wamakonde, Wakristo. Bibi mzaa baba alivuka kutoka Msumbiji enzi za vita akiwa na watoto mgongoni. Mume wake, Mateo, alibaki nyuma, akasema atafuata. Hakufuata. Bibi akalima kijijini Kiegei mpaka nguvu zikaisha, ndipo Baba akamleta kukaa na sisi mjini.

Shuleni kwa kaka yangu Fabiani kulikuwa na mwalimu wa fizikia Mjapani, wa kujitolea. Kaka Fabi alikuwa fundi wa kuchora, daftari zake zote zimejaa watu wenye macho makubwa. Yule mwalimu alipomaliza muda wake akamwachia kitabu kimoja cha manga. Chote Kijapani. Hakuna hata herufi moja unayoijua.

Mwaka huohuo Fabi akafeli kidato cha nne. Baba akamwambia maneno sebuleni ambayo sitayaandika. Fabi naye akajibu, na kwetu mtoto hamjibu Baba. Kesho yake asubuhi akafunga begi, anakwenda Namungo, Ruangwa huko, kwenye machimbo ya dhahabu.

Kabla hajatoka akanipa kile kitabu. Akasema, "Kisome mpaka mwisho, Tina. Utajua cha kufanya."

Hakusema mwisho ni upi.

Baba akatangaza nyumba nzima isikie: "Ameondoka kwa miguu yake, atarudi kwa miguu yake. Asimfuate mtu."

Bibi hakuelewa hayo matangazo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Kila siku anauliza kwa Kimakonde, Fabi yuko wapi, aje nimwone kabla sijafumba macho. Alikuwa anaumwa, miguu imevimba, na kumbukumbu imeanza kumchezea. Hicho tu ndicho alichokitaka.

Mimi nikaingia kwenye kitabu.

Nikakifungua kama unavyofungua kitabu chochote cha shule. Ukurasa wa kwanza: kijana amekaa chini, mgongo ukutani, kafungwa bendeji kichwani. Mbele yake kasimama binti mdogo, anampa kifurushi. Nikasema sawa, ndugu wanaagana.

Kurasa zinazofuata binti yuko njiani peke yake, daraja, mvua. Anarudi kwao, nikajua.

Halafu kijana ana bendeji tele. Halafu hana bendeji, ana damu. Halafu anapigwa. Hapo nikakwama wiki nzima. Inakuwaje mtu afungwe jeraha kwanza ndipo aumizwe?

Wakuu, mimi ni mbishi na sipendi kushindwa. Nikakaa nikatafuta jibu, nikalipata. Nikawatangazia wenzangu darasani kwamba Wajapani ni watu wa maandalizi, wanajifunga bendeji kabla ya ugomvi. Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema ndiyo maana wameendelea.

Nikawa mtaalamu wa Japani wa kidato cha pili B.

Nikaendelea. Baada ya kupigwa, kijana anaonekana na begi begani, anatembea, ana hasira. Anarudi nyumbani. Baba yake amesimama mlangoni. Chini kuna bakuli limevunjika vipande. Ukurasa wa mbele, bakuli liko mkononi mwa baba, zima. Ukurasa wa mwisho familia nzima wanakula, wanacheka, na lile bakuli liko katikati.

Nililia kwa furaha, nawaambia ukweli. Bakuli lilikuwa limepona. Kaka alikuwa amerudi mwenyewe.

Na Baba naye alikuwa amesema hivyohivyo, atarudi kwa miguu yake. Kitabu na Baba wamekubaliana, mimi ni nani?

Mwezi wa tatu alikuja jirani yetu, Mama Akwilina, anauza vitenge machimboni. Akamnong'oneza Mama kwamba amemwona Fabi Namungo, amekonda, na kwamba safari ijayo anaweza kumchukua mmoja wetu akamfuate. Mama hawezi kumwacha Bibi. Akanigeukia mimi.

Nikasema, "Mama, usihangaike. Anarudi mwenyewe."

Nilisema kwa uhakika kiasi kwamba na yeye akatulia. Jioni nikamwambia Bibi hivyohivyo kwa Kimakonde, anarudi, kitabu kimesema. Bibi akanishika mkono akashukuru.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Kidogo nitoke nje ya mada. Miaka hiyo Ruangwa kulikuwa na kibanda cha video walichokuwa wanaonyesha anime, ila wote tuliita "katuni za Wachina". Mwenye kibanda alikuwa na CD mbili za filamu moja, anaanza na yoyote inayokubali kucheza. Watu wanaangalia wanatoka wameridhika. Kwa hiyo msinicheke peke yangu, ukanda mzima ulikuwa hauelewi. Turudi.

Miezi ikapita. Nne, tano, sita. Fabi kimya. Bibi akaanza kusahau majina yetu moja moja. Mimi nilikuwa Tina asubuhi, mchana nikawa mtu mwingine.

Nami kitabu nilikuwa sikigawi. Nakifungua mwenyewe, nawaonyesha wenzangu, nasimulia, nafunga. Hakuna aliyekigusa.

Mwezi wa nane nikaitwa ofisini kubeba madaftari. Kurudi, namkuta Mwanahawa kakiinamia.

Mwanahawa nilikaa naye dawati moja. Mmwera, kwao Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, Nachingwea anaishi kwa shangazi yake. Kasoma chuo cha Kurani tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa kakishika kitabu kama anavyoshika juzuu, kakifungua kwa upande wa kulia, wala hakufikiri mara mbili. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo tu.

Nikamwambia, "Shoga, umeanzia mwisho."

Akasema bila kuinua kichwa, "Wewe ndiye ulikuwa unaanzia mwisho. Hebu njoo uone."

Tukabishana mpaka mwalimu akatutoa nje. Nje tukaendelea. Nikamwambia hiki ni cha Wajapani, hakiwezi kusomwa kama msahafu. Akaniuliza swali moja tu.

"Tina, wewe umewahi kuona bakuli lililovunjika likajiunga?"

Nikasogea nione.

Akanipitisha taratibu, kulia kwenda kushoto. Familia inakula. Baba anagombana na kijana, bakuli linarushwa, linavunjika. Kijana anafunga begi. Anapigwa huko aliko, anatoka damu, anafungwa bendeji. Kila kitu kikawa mahali pake kwa namna ambayo nilijisikia mjinga.

Halafu yule binti. Hakuwa anarudi nyumbani. Alikuwa anatoka. Amefunga kifurushi cha chakula, anapita mvua na daraja peke yake, na ukurasa wa mwisho kabisa amemkuta kaka yake ukutani, anampa.

Hapo ndipo kitabu kinaishia. Wamekutana. Hakuna aliyerudi mwenyewe.

Nilikaa chini pale nje ya darasa, nikaogopa kweli kweli. "Kisome mpaka mwisho, utajua cha kufanya." Na mimi nimemwambia Mama asihangaike.

Wiki ya pili yake shule zikafungwa. Mwanahawa anakwenda kwao, nikamwambia Mama nakwenda naye Ruangwa, na nikamwambia kwa nini. Baba alikuwepo. Nilitegemea aninyanyulie mkono. Akasimama, akatoka nje, akaenda kupalilia mahali ambapo palishapaliliwa. Mama akachukulia hiyo ni ruhusa. Akanifungia korosho za kukaanga na mihogo ya kuchemsha kwenye kanga kuukuu.

Tulilala Mbwemkuru kwa akina Mwanahawa, asubuhi mjomba wake akatupeleka Namungo. Ilikuwa siku ya mpira, watu wote wako uwanjani. Tukauliza uliza. Fabi tukamkuta nyuma ya nyumba ya udongo, kakaa chini kaegemea ukuta, kasikia kelele za mpira lakini hakwenda. Mkono wa kushoto umefungwa matambara, jiwe lilimwangukia.

Bendeji, wakuu.

Nikasimama na kile kifurushi. Nilitaka kucheka, nikalia.

Fabi akasema, "Umechelewa."

"Wewe ndiye ulitakiwa urudi," nikamwambia.

"Si nilikuachia kitabu?"

"Nilikisoma."

"Sasa?"

Nikamweleza. Bakuli, bendeji, kidato cha pili B, yote. Yule mwalimu Mjapani alikuwa amemfundisha kinaanzia wapi, na yeye alishazoea, akasahau kwamba mimi sijui. Akasema, "Mwezi wa kwanza nilikuwa kila gari likija naangalia. Mwezi wa nne nikajua mmekubaliana na Baba."

Miezi minane, yeye anasubiri nimfuate, mimi nasubiri arudi. Nilimwomba msamaha, naye akaniomba, hatukujua nani anamsamehe nani. Kisha tukala mihogo. Mwanahawa naye akala, tena yeye ndiye aliyemaliza korosho.

Tulirudi naye Nachingwea. Baba alikuwa mkekani anakula. Akasogea kidogo, akasema, "Nawa mikono." Ndiyo ilikuwa hotuba nzima.

Fabi hakunawa. Alikwenda chumbani kwa Bibi kwanza.

Bibi alimshika uso kwa mikono miwili. Akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwake, akasema kwa Kimakonde, "Mateo. Ulisema utafuata. Umekuja."

Fabi alinigeukia mlangoni, macho yanauliza afanye nini. Akamgeukia Bibi akasema, "Ndiyo, nimekuja."

Bibi alifariki baada ya msimu wa korosho. Siku zote hizo za mwisho Fabi alikuwa Mateo, na Bibi alikuwa na furaha.

Sasa wakuu, mimi sielewi. Ningekwenda ule mwezi wa tatu, Bibi angemwona Fabi mwenyewe, kwa jina lake, kama alivyoomba. Hilo nililivuruga mimi, na linaniuma. Lakini Mateo asingerudi. Je, tulichelewa au tuliwahi? Nimelipima hili swali pande zote mbili na kila upande linasomeka.

Kwa hiyo ninyi wageni: manga inaanzia kulia. Ukiona mtu anapona kabla hajaumia, geuza kitabu. Na kama kuna mtu wako kaondoka kwa hasira halafu kakaa kimya, usikae nyumbani ukisoma dalili. Funga mihogo, mfuate.

Fabi sasa ni fundi wa mabango Ruangwa, anachora vizuri kwa mkono uliobaki mzima. Mwanahawa nikimpigia simu bado ananiuliza kama nimeshaona bakuli linajiunga.

Kitabu ninacho mimi. Mara moja moja nakifungua kwa upande ule wa makosa, makusudi kabisa, niangalie vile vipande vikirudi kuwa bakuli na watu wakikaa kula.

Nimemaliza, uwanja ni wenu. Semeni nanyi mlianzia upande gani, na anayeona tulichelewa aniambie tu, sitakasirika.